Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: anza kuifuatilia Desemba, si Machi

Anayelima mahindi Kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, anajua kwamba mbolea ikichelewa wiki mbili, msimu mzima umeyumba. Huku kwetu msimu mkubwa ni mmoja tu. Shamba hulimwa Januari na Februari, mbegu huingia udongoni kuanzia katikati ya Machi hadi Aprili mvua ikishatulia, na kuvuna ni kuanzia Oktoba. Ukikosea mwanzo, huna msimu mwingine wa kurekebisha hadi mwaka ujao.

Nimekuwa nikiwasaidia majirani kufuatilia mbolea hii tangu mfumo wa vocha, yaani ujumbe wa simu unaotaja mifuko uliyopangiwa, uanze, na kila mwaka naona jambo lile lile. Wengi wanaokosa mbolea hawaikosei ghalani. Wanaikosa kwenye daftari, kwa sababu ya jina, namba ya kitambulisho au laini ya simu iliyoandikwa vibaya miezi mingi kabla mtu hajapanga foleni. Ndiyo maana sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu makaratasi na simu, ingawa najua msomaji anataka kufika haraka kwenye mfuko.

Ruzuku yenyewe ikoje

Hakuna pesa inayoingia mfukoni mwako. Serikali hubeba sehemu ya bei ya mbolea, wewe unalipa iliyobaki. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 madukani ulikuwa umepanda hadi 6,500 na hata zaidi. Septemba mwaka huo serikali ikatangaza mbolea ya ruzuku kwa 3,500, kisha Agosti 2023 bei ikashushwa hadi 2,500. Chukua mkulima wa ekari mbili anayeweka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari: mifuko minne, shilingi 10,000. Kwa ile bei ya 6,500 angelipa 26,000. Hiyo tofauti ya 16,000 ndiyo inayopotea tarakimu moja ya simu ikikosewa.

Jambo la pili la kuelewa ni nani anashika nini, maana watu wengi hupoteza siku kwa kugonga mlango usiohusika. Katiba ya 2010 iligatua huduma za kilimo, kwa hiyo afisa wa kilimo wa wadi ni wa kaunti. Mpango wa mbolea ya ruzuku ni wa serikali kuu. Machifu waliosimamia uandikishaji wa wakulima mwaka 2023 ni wa serikali kuu, na maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, NCPB, vilevile. Nimeona watu wakipanga mstari kwa mwakilishi wadi kumwomba awarekebishie vocha. Hana daftari hilo. Anza kwa chifu.

Desemba na Januari: hakikisha upo kwenye daftari

Taarifa za wakulima huwekwa katika mfumo wa kitaifa unaoitwa kwa kifupi KIAMIS. Humo yameandikwa jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mahali shamba lilipo, ekari unazolima na mimea unayopanda. Vocha hutokana na maelezo hayo: mfumo unaangalia una ekari ngapi na unalima nini, kisha unakupangia mifuko. Ukiandikwa nusu ekari ilhali unalima tatu, utapata mbolea ya nusu ekari, na karani wa ghala hata akikuhurumia hawezi kuongeza.

Kabla Krismasi haijafika, au Januari ikichelewa sana, nenda ofisi ya chifu au ya naibu wake ukiwa na kitambulisho chenyewe, si picha ya simu, na simu unayotumia. Mwombe akuonyeshe, au akusomee, yaliyoandikwa kwa namba ya kitambulisho chako. Usiridhike na jibu la "wewe uko, nakukumbuka." Soma namba kwa namba. Kitambulisho kwanza, kisha simu, kisha ekari, kisha zao.

Kosa la laini ya simu ndilo linalouma zaidi, na niseme kwa nini. Msimu mmoja mama mmoja jirani yetu, mjane, alifika ghalani mara mbili kwa miguu. Kila mara aliambiwa vocha yake imeshatumwa. Akaja kwangu jioni, akaketi kwenye benchi la nje, akafungua leso iliyokuwa na kitambulisho na noti zake zimekunjwa vizuri, akasema, "Mwanangu, huko hawanijui." Tukakagua. Siku ya kuandikishwa hakuwa na simu, akatoa namba ya kijana wake aliyeko Nairobi. Tulipompigia kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ule ujumbe niliufuta. Nilidhani ni wale matapeli." Mvua ilikuwa imeshaanza siku tano. Mama alipanda kwa mbolea ya duka la agroveti aliyokopa, nusu ya shamba lake.

Kwa hiyo laini iwe yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, na iwe hewani. Kama ni simu ya mume, ya marehemu, au ya mtoto aliye mbali, badilisha sasa. Laini ya simu haina gharama kubwa, na simu ndogo ya kubonyeza inatosha, kwani vocha huja kama ujumbe wa kawaida usiohitaji intaneti.

Wanaokodi shamba nao wana haki. Daftari ni la mkulima, yaani anayelima, kwa hiyo usikubali kurudishwa eti huna hati miliki. Andikwa kwa ekari unazolima, na uwe na makubaliano ya kukodi yaliyoandikwa, hata ya ukurasa mmoja wenye sahihi ya mwenye shamba na shahidi. Shida hutokea pale mwenye shamba naye ameandika ekari zile zile. Zungumzeni mapema, nyumbani, kabla hamjakutana mbele ya chifu.

Kuandikishwa na kurekebishiwa maelezo ni bure. Mtu akikuomba "ya chai" au "ya karatasi," hiyo si ada ya serikali. Tena kusahihishiwa maelezo yako ni haki iliyomo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo huombi fadhila.

Ukishamaliza, andika kwenye daftari lako la nyumbani tarehe uliyokwenda na jina la aliyekuhudumia. Utalihitaji baadaye.

Wakati unangoja, pima udongo

Hapa wengi huruka, na mimi nawasihi wasiruke, kwa sababu mbolea ya bei nafuu kwenye udongo mkali bado ni hasara. Sehemu nyingi za kaunti yetu zina udongo wenye asidi, na miaka ya kupanda kwa mbolea ya DAP mfululizo imeongeza tatizo. Asidi ikizidi, fosforasi inajifunga kwenye udongo na mahindi hayaipati. Utayaona machanga yana majani ya zambarau ukingoni huku mbolea ipo chini yake.

Mwombe afisa wa kilimo wa wadi akuelekeze mahali pa kupimia. Chota udongo sehemu kumi hivi za shamba, kina cha sentimita 20, ukizunguka kwa mtindo wa herufi Z. Changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, kausha kivulini, kisha peleka nusu kilo. Usichote karibu na zizi, kwenye kichuguu, wala pale mlipochomea mabua. Kipimo cha asidi (pH) kikiwa chini ya 5.5, panga kuweka chokaa ya kilimo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, ukiichanganya na udongo wakati wa kulima mara ya pili. Chokaa isikutane na mbolea kwenye shimo moja siku moja.

Ukijua udongo wako ndipo uchague mfuko. Bei ya ruzuku ni ya mfuko, lakini mifuko haifanani ndani. Zile namba zilizoandikwa mbele ni asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi. Mfuko wa DAP, yaani 18-46-0, una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. NPK 23-23-0 ina kilo 11 na nusu za kila moja. Kwa mbolea ya kukuzia, CAN ya asilimia 26 inakupa kilo 13 za naitrojeni, wakati urea ya asilimia 46 inakupa kilo 23 kwa mfuko wa uzito uleule. Urea ina nguvu zaidi, ila ikiachwa juu ya udongo inapotea hewani, na lazima ifunikwe. Kama huna mikono ya kufunika, chukua CAN.

Vocha ikifika

Ujumbe ukiingia usome wote kabla ya kumwonyesha mtu. Angalia jina, idadi ya mifuko na mahali pa kuchukulia. Usiufute. Uandike pia kwenye karatasi, maana simu huanguka majini siku mbaya kuliko zote.

Kuna watu watakaokujia wiki hiyohiyo. Watakupa shilingi elfu moja au elfu mbili mkononi uwaachie vocha na kitambulisho "wakusaidie kuchukua." Madalali hawa hukusanya vocha za kijiji kizima, wanajaza lori, na mbolea inauzwa kwingine kwa bei ya duka. Naelewa njaa ya Februari, ghala la nyumbani likiwa tupu na shule zimefunguliwa. Lakini piga hesabu: umepokea elfu mbili, kisha Machi unanunua mfuko uleule kwa bei ya agroveti. Kama huna pesa ya kulipia mifuko yote, chukua ile unayoiweza. Usitoe kitambulisho.

Kitu kingine ninachokiona ni mtu kumaliza mgao wote kwa mbolea ya kupandia, kisha Mei mahindi yakifika magotini anatafuta CAN kwa majirani. Gawa mapema. Kama ni mifuko minne, miwili iwe ya kupandia na miwili ya kukuzia.

Siku ya ghala

Uliza kwanza kabla ya kutoka nyumbani. Mpigie chifu au mtu aliyetoka huko jana: ghala lina mbolea? Ni aina gani iliyopo? Mara nyingi ghala huwa na aina moja tu, na mtu wa Endebess aliyefuata DAP hadi Kitale anarudi na nauli imekwisha. Ulizia pia kama kuna chama cha ushirika karibu nawe kilichopewa mbolea ya kusambaza, kwani serikali imekuwa ikitumia vyama hivyo kusogeza mbolea vijijini. Mfuko mmoja ukibebwa kwa bodaboda unaongeza gharama kiasi cha kula nusu ya faida. Watu wanane au kumi wa kijiji kimoja wakikodi pikapu siku moja, kila mtu akiwa na kitambulisho chake na simu yake, wanarudi na mizigo yao na wamebakiwa na kitu. Sisi hufanya hivyo, na huwa tunatoka saa kumi na moja alfajiri.

Beba kitambulisho, simu yenye chaji, na pesa zikiwa tayari kwenye simu. Karani ataingiza namba ya kitambulisho na kuhakiki vocha. Malipo hufanywa kwa namba rasmi ya malipo, ambayo hubandikwa ghalani. Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi hata kama amevaa koti la buluu na anaitwa na kila mtu kwa jina. Ukimaliza dai risiti, uisome papo hapo: idadi ya mifuko, aina, tarehe.

Ukiambiwa vocha yako imeshatumika na wewe hujaitumia, usiondoke kwa hasira. Omba uambiwe imetumika tarehe gani, ghala gani, na kwa mifuko mingapi. Andika. Hayo matatu ndiyo malalamiko yako yote, na bila hayo hakuna atakayekusikiliza.

Kagua mfuko kabla haujapakiwa

Machi na Aprili 2024 iligunduliwa nchini kwamba mifuko isiyo mbolea kamili ilikuwa imeuzwa kwa wakulima kupitia mpango huu huu. Serikali iliahidi fidia ya mifuko mingine, na aliyekuwa na kumbukumbu za ununuzi alikuwa na pa kuanzia. Tangu hapo sipakii mfuko bila kuutazama.

Mshono wa juu uwe wa mashine, uzi mmoja uliopita sawasawa, usio na alama za kutobolewa mara mbili. Mfuko ulioshonwa tena huacha vijitundu vya sindano ya kwanza pembeni ya uzi. Tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, yenye namba ya kibali chini yake. Tuma herufi SM, alama ya reli (#), kisha namba hiyo kwenda 20023, na jibu litakuonyesha kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Kama jibu linataja bidhaa nyingine, rudisha mfuko ukiwa bado ndani ya lango.

Nyumbani fanya jaribio la maji. Weka kijiko cha urea kwenye glasi ya maji na ukoroge: inayeyuka yote, na glasi inapoa mkononi kama maji ya mtungi. Urea isiyopoza ni ya kutilia shaka. DAP nayo huyeyuka karibu yote. CAN ni tofauti: ina chokaa ndani yake, kwa hiyo unga mweupe kidogo chini ya glasi ni kawaida. Kokoto, mchanga na udongo ndivyo visivyopaswa kubaki. Jaribio hili halichukui nafasi ya maabara, lakini litakuzuia kuupeleka mchanga shambani.

Hifadhi mifuko juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta na mbali na mbegu. Na baada ya kutumia, usiuze wala kugeuza mfuko mtupu kuwa wa viazi mapema hivyo. Uweke na risiti hadi mavuno, kwa sababu mahindi yakikataa kukua, maandishi ya mfuko ndiyo ushahidi.

Kwenye shimo

Wengi hupima kwa vidole, na vidole huchoka. Saa nne asubuhi unaweka nyingi, saa saba mchana unarusha. Tumia kisoda. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kila shimo, ekari moja ina mashimo kama 10,800. Gawa kilo 50 kwa mashimo hayo, unapata gramu nne na nusu hivi, ambazo ni karibu kisoda kimoja kilichosawazishwa kwa kidole, si kilichorundikwa. Kisoda kilichorundikwa kitamaliza mfuko ukiwa robo tatu ya shamba.

Weka mbolea, funika kwa udongo wa vidole viwili, ndipo mbegu. Mbolea ikigusana na mbegu huiunguza, na utarudi kupanda tena sehemu zilizobaki wazi. Mbolea ya kukuzia iwekwe mahindi yakifika magotini, palizi ya kwanza ikishapita, udongo ukiwa na unyevu. Usiweke siku ambayo wingu jeusi limeshajaa upande wa Mlima Elgon, utaishia kulisha mtaro.

Ukinyimwa

Anza kwa chifu kwa maneno, kisha meneja wa ghala. Likishindikana, andika. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa kwa taasisi ya umma kwa Kiingereza au Kiswahili, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, unakata rufaa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa ofisi ya Ombudsman, bila kuhitaji wakili. Kama kuna hongo, hilo ni la tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC.

Barua isiwe ya kulia wala ya kutukana. Yangu huwa hivi:

"Mimi, mwenye kitambulisho namba hii, mkulima wa mahindi ekari mbili, niliandikishwa katika eneo la chifu fulani. Tarehe fulani niliambiwa ghalani kwamba vocha yangu ya mifuko minne imetumika. Sijapokea mbolea. Naomba kujulishwa: vocha ilitumika tarehe gani, katika ghala gani, malipo yalitoka namba gani ya simu, na nani aliidhinisha."

Maombi manne, hakuna zaidi. Tia sahihi, tarehe na namba ya simu. Chapisha au andika nakala mbili kwa mkono, peleka zote mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako, urudi nayo nyumbani. Hesabu siku zako 21 kutoka tarehe ya muhuri huo.